Nyeupe Nambari Nne

Mlango wa duka la Bogumiła una ukaidi.
Lazima uusukume kwa bega, kama mdeni
aliyerudi kukopa tena,
na kengele ikishalia huwezi kusingizia umepotea njia.
Nje, mji wa Łódź umelaliwa na theluji siku ya tatu,
tramu zinakwaruza kona,
viwanda vya nguo vilivyokufa zamani
vimevishwa kofia juu ya matofali mekundu.
Ndani kunanukia mafuta ya kitani,
penseli zilizochongwa sasa hivi,
na karatasi ambayo bado haijaambiwa kitu.

Nimekuja kununua nyeupe.

"Nyeupe ipi?" anauliza, macho hayatoki
kwenye utepe anaompimia mteja wa simu,
kidole hadi kiwiko, kidole hadi kiwiko.

Nyeupe ipi.
Swali hilo nimelingoja tangu ujana.

Miaka thelathini na mmoja nilitengeneza meno.
Sikung'oa, sikuziba; nilitengeneza,
chumba cha nyuma cha kliniki, taa moja,
tanuri dogo, unga wa kauri chini ya kucha.
Naijua nyeupe ya mvuta sigara na ya mnywa chai,
nyeupe ya bibi harusi aliyetaka kung'aa kuliko shela
(nilimkatalia, akalia, akaja kunishukuru),
na ile ya mzee Dulęba, aliyeninong'oneza:
"Lifanye bovu kidogo, mama,
wenzake wasije wakalitenga."
Hakuna aliyeniuliza ipi.
Nililetewa nambari kwenye kikaratasi.

Basi namwambia Bogumiła: ya theluji,
lakini si ya leo. Ya juzi,
iliyokwisha kupitiwa na mbwa na mikokoteni ya makaa,
ile inayoanza kufanana na jino.

Anaweka utepe chini.
Anapanda ngazi, magoti yakilalamika kwa zamu,
anashuka na tyubu nne mfukoni mwa aproni.
"Jaribu hapa," na kunisogezea daftari la kujaribia,
lile lililofungwa kamba kwenye kaunta
lisije likajiendea.

Nilifuata rangi. Nikanaswa na daftari.

Mizunguko, mizunguko, ya kila kalamu iliyowahi kupimwa.
Mkate, maziwa, mishumaa, kwa wino wa zambarau.
Mtu amejifunza saini yenye jina jipya la ukoo,
mara saba, na ya saba ameikata.
Neno "samahani", halafu wino ukaisha,
au moyo.
Na chini kabisa, paka wa mtoto,
domo wazi, limejazwa weusi hadi karatasi imelowa,
hana masikio;
mkono mwingine, wa kijani, wa mtu mzima,
umepita siku nyingine ukamwekea masikio.

"Hili bei gani?"
"Hilo haliuzwi," asema. "Hilo ndilo linalouza."

Nikafungua tyubu ya kwanza: kali, ya hospitali.
Ya pili ina ubuluu wa maziwa yaliyochujwa.
Ya tatu ilikuwa shela ya yule bibi harusi.
Ya nne nikaichovya kwa ncha ya brashi
na kabla sijajizuia, mkono, mkono huu mzoefu,
ukamtia paka jino.
Moja tu. Juu, kushoto.
Bovu kidogo.

Bogumiła akavaa miwani, akaliinamia
muda mrefu kuliko jino linavyohitaji.
"Hiyo nne, basi," akasema,
akapiga hesabu kwenye kisanduku cha viberiti.

Nikalipia tyubu, na brashi ya manyoya ya kindi
nisiyoihitaji, na karatasi mbili nene
nilizozibeba kifuani chini ya koti
kama mtu aliyeiba mtoto.
Theluji nje ilikuwa imeshakuwa ya jana.

Jumamosi nitarudi. Nitasema nyeupe imeniishia.
Nataka kuona kama kuna mtu
aliyempa sharubu.